Chai Yetu Haina Jina

Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi waliotoka nyanda za juu za Kisii na Nyamira, na kuna sentensi moja ambayo kila niionapo huniwekesha kalamu chini. Mwanafunzi huanza hivi: ilikuwa wakati wa kiangazi, jua linawaka, nyasi zimekauka na ardhi imepasuka. Kisarufi sentensi haina kasoro. Mwalimu wake alimfundisha kwamba insha njema hufunguliwa kwa kueleza majira, naye ametii. Tatizo ni kwamba nchi anayoieleza siyo aliyozaliwa. Kijana huyo amekulia mahali ambapo nyasi hazikauki kwa urahisi, ambapo mgomba husimama na majani mabichi Januari na Julai, na ambapo mvua ya alasiri ni jambo la kawaida kama kengele ya kufungia shule.

Maneno yetu ya majira, yaani masika, vuli, kipupwe na kiangazi, tuliyapata pwani. Huko mwaka hugawanywa na pepo mbili, kaskazi na kusi, na kila upepo huja na mvua yake na ukavu wake. Baharia wa Lamu au Pemba aliyahitaji maneno hayo kujua lini atweke tanga. Kiswahili kilipopanda bara kiliyabeba kama kilivyoyabeba mengine mengi, na hapana ubaya wowote katika hilo. Lakini neno lililozaliwa na upepo wa bahari likipandishwa mlima wa Manga, halina budi kuulizwa kama bado linasema kweli. Je, nchi isiyokuwa na kiangazi cha kweli wala masika ya kweli, nchi ambayo hewa yake ni ya wastani mwaka mzima, huwa na tabia gani? Na je, tabia hiyo ina jina?

Hebu kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Kisii uko chini ya nyuzi moja kusini ya Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyoelekea Keroka na Nyamira hupanda zaidi ya hapo. Ukaribu wa Ikweta ungeifanya nchi hii iwe ya joto kali. Mwinuko ndio unaokataa. Wastani wa joto hauondoki mbali na nyuzi 20 za Selsiasi. Upande wa magharibi liko Ziwa Viktoria. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani, hupanda milima, hupoa, na aghalabu ifikapo alasiri hunyesha. Kwa hiyo mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, na ingawa huzidi kati ya Machi na Mei na tena baada ya Agosti, ni nadra mwezi kupita bila ya mvua ya kutosha kulowesha udongo. Si kwamba mvua haikuwahi kuchelewa; Abagusii wasingekuwa na ribina, ngoma ya kuomba mvua, kama isingewahi kuchelewa. Wala wastani si upole wa kila siku, maana mvua ya mawe hupiga vilima hivi na vile vya Kericho mara kwa mara, ikararua majani ya chai kwa dakika chache. Hata hivyo, ukilinganisha mwaka na mwaka, hii ni nchi isiyopenda kupita kiasi.

Nchi mashuhuri zaidi kwa kutambuliwa kwa hewa yake ya wastani ni zile zinazolima mizabibu. Watu wa Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, watakuambia bila kusita kwamba mvinyo wao una ladha ulio nayo kwa sababu Bahari ya Atlantiki haiuachi ubaridi uwe mkali mno wala joto liwe jingi mno, na kwa sababu misitu ya misonobari ya Landes huwakinga na upepo wa baharini. Wanajua vile vile kwamba wastani huo unaweza kuvunja ahadi. Februari 1956 baridi kali iliua mizabibu mingi sana huko, na mwaka huo haujasahauliwa. Lakini hata hewa ya wastani ya Bordeaux ina majira. Mzabibu hupukutisha majani, hulala wakati wa baridi, huamka, huzaa na kuiva kabla ya mwaka kufungwa. Ndiyo maana kila chupa huandikwa mwaka, na mnunuzi husema kwamba mvinyo wa mwaka fulani ulikuwa bora kuliko wa mwaka mwingine.

Kisii hauwezi kulima mizabibu ya mvinyo kwa namna hiyo. Mmea huo unataka muda wa kupumzika na unataka ukavu matunda yanapoiva, la sivyo huoza yakiwa kichalani. Afrika Mashariki umepata makao yake Dodoma, mahali ambapo mvua kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka na ukavu wa miezi mingi hufanya kazi ambayo Ulaya hufanywa na baridi. Huko mkulima huupogoa mzabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwetu Kisii na Nyamira, mmea ulioipenda hewa yetu ni mwingine kabisa, na tabia yake ni kinyume cha tabia ya mzabibu. Mchai haulali.

Neno hilo, kutolala, ndilo ufunguo wa tabia ya nchi hii. Huko Darjeeling, India, baridi huusimamisha mchai, nao huamka baada ya Februari. Kwa sababu hiyo wao wana chai ya machipukizi ya kwanza, chai ya machipukizi ya pili, chai ya wakati wa mvua na chai ya mwisho wa mwaka, na kila moja ina jina lake, ladha yake na bei yake. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana na usiku hulingana mwaka mzima na joto halishuki kiasi cha kuusimamisha mmea. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, hurudi kwenye kichaka kile kile baada ya wiki moja au mbili, hukuta majani mawili na chipukizi tena. Hakuna mavuno ya kwanza wala ya mwisho. Yupo kwenye kituo cha kupimia majani Krismasi, yupo Pasaka.

Faida ya hali hii ni kubwa, na ni ujinga kuibeza. Familia yenye shamba dogo hupata fedha kila mwezi. Karo hulipwa kidogo kidogo. Mgomba ulio nyuma ya nyumba na chinsaga iliyo kando ya jikoni hukamilisha chakula. Hewa isiyokatisha mavuno ndiyo iliyoruhusu ardhi ndogo ilishe watu wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani watu 957 kwa kila kilomita mraba, na watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Huo nao ni mzigo. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena kwa sababu hewa njema ilitupa dhana kwamba kipande chochote, hata kiwe kidogo vipi, kitatosha. Kadhalika mahali ambapo mvua haikomi, mtu hupanda mikaratusi hadi ukingoni mwa kijito, na hushangaa chemchemi inapokauka.

Lakini kuna athari nyingine isiyozungumzwa, nayo ni ya lugha. Mwaka usiokuwa na mipaka hauzai majina. Muulize mkulima wa Kebirigo au Kiamokama ahesabu miaka yake ya chai. Hatakuambia kwamba mwaka ule machipukizi yalikuwa matamu. Atakuambia kwamba mwaka ule bonasi ilikuwa nzuri, na mwaka ule bonasi ilikuwa ya aibu. Bonasi, malipo yanayotolewa baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni, ndiyo imekuwa kiangazi chetu na ndiyo masika yetu. Hewa haikugawanya mwaka, basi mhasibu akaugawanya.

Hapa yanipasa nijihadhari. Tangu zamani wamekuwapo wanazuoni waliotaka kueleza kila kitu kwa hali ya hewa. Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, aliwasifu wakaaji wa maeneo ya wastani na kuwadharau waliokaa kwenye joto kali. Montesquieu wa Ufaransa aliirudia fikra ya namna hiyo mwaka 1748. Sote tunajua fikra hiyo ilivyotumiwa baadaye na watawala waliokuja kututawala, na ilivyowafaa pale walipoamua kwamba nyanda zenye hewa ya baridi nchini Kenya ziwe za walowezi. Sisemi, basi, kwamba mvua ya alasiri imempa Mgusii tabia fulani ya moyoni. Nasema kwamba hewa huweka mlango wazi, na historia ndiyo huamua nani aingie na kwa masharti gani.

Ushahidi uko mpakani. Nyamira imepakana na Kericho. Vilima vinafanana, mvua inafanana, hata mvua ya mawe inafanana. Lakini Kericho, kuanzia mwaka 1924, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipanda mashamba makubwa yanayofika upeo wa macho, yenye nyumba za vibarua zilizopangwa kwa mstari. Upande huu wa mpaka Waafrika hawakuruhusiwa kulima chai hadi miaka ya 1950, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua njia. Kisha mwaka 1964 likaundwa shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, ambalo leo lina wakulima zaidi ya 600,000 nchini kote. Ndiyo sababu upande mmoja wa mpaka unaona zulia moja la kijani kibichi, na upande wa pili unaona viraka: chai, migomba, mahindi, ng'ombe wawili, kaburi la babu, chai tena. Hewa ni moja, sura mbili. Anayefundisha kwamba hali ya hewa ndiyo inayofanya nchi iwe ilivyo, na aje asimame juu ya mpaka huo na darasa lake.

Sasa turudi kwenye jina. Viwanda vya chai vya Kisii na Nyamira vina majina ya vijiji na vilima: Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyamache, Ogembo, Kiamokama, Itumbe. Chai inapopelekwa kwenye mnada wa Mombasa, huorodheshwa kwa jina la kiwanda chake, na mwonjaji aliyebobea huweza kutofautisha chai ya kiwanda kimoja na ya kingine. Kwa hiyo majina hayo hufika Mombasa, lakini hayavuki bahari. Yakishanunuliwa, majani hayo huchanganywa na ya mahali pengine ili yaipe nguvu na rangi chai ambayo pakiti yake ina jina la mfanyabiashara wa mbali. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani, na bado mnywaji wa London au Karachi hajui kwamba amekunywa Nyamira.

Mtu ataniambia kwamba jina si kitu, na kwamba mkulima anataka fedha. Namwomba alitazame jiwe. Huko Tabaka, kusini magharibi mwa mji wa Kisii, huchimbwa jiwe laini la sabuni ambalo wachongaji hulifanya bakuli, vifaru na sanamu za familia. Jiwe hilo linajulikana ng'ambo kwa jina la Kisii. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko, imesimama kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Sidai kwamba wachongaji wa Tabaka ni matajiri. Walanguzi wanawajua vyema. Lakini mchongaji anapodai bei, ana jina la kulishikilia. Mkulima wa chai anapodai bei, huambiwa neno moja tu: ubora.

Hapo ndipo suala hili linapogusa mfuko. Kwa miaka kadhaa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, wakiwamo wa Kisii na Nyamira, wamekuwa wakilipwa bonasi ya chini kuliko wenzao wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, nao wamelalamika kwa sauti kubwa. Jibu wanalopewa ni kwamba chai ya mashariki hupata bei ya juu mnadani. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo ni nusu ya jibu. Ubora huo umetokana na udongo, au mwinuko? Ni ubaridi wa usiku, au ni namna ya kuchuma? Ni majani yaliyokaa juani yakingoja lori, au ni mashine za kiwanda, au ni hesabu za watu? Mambo hayo yanatofautiana sana, kwani mengine aliyaumba Mungu na mengine yanafanywa na binadamu kila siku. Kuyafunika yote kwa neno moja ni kumwambia mkulima kwamba kosa ni la kilima chake. Mwaka 2021 serikali ilijaribu njia nyingine, ikaweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya KTDA mnadani, bila kujali imetoka wapi. Bei hiyo ilikuja kuondolewa. Nia ilikuwa njema, lakini kilichokosekana ni kile kile: kukubali kwamba chai zina makwao, na kwamba kila kwao kuna sifa zinazoweza kutajwa.

Wafaransa hawakungoja mnunuzi awatajie. Waliweka sheria ya majina ya asili ya mvinyo mwaka 1935, na leo asiyelima Champagne haruhusiwi katika Ulaya kuuita mvinyo wake Champagne. India ililisajili jina la Darjeeling mwaka 2004, la kwanza kulindwa chini ya sheria yake ya majina ya mahali. Sheria hizo hazikuanza na wanasheria. Zilianza na watu waliokuwa na maneno ya kutofautisha kilima na kilima, mavuno na mavuno.

Je, sisi tunayo maneno hayo? Nimesikia ikisemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ladha ya chai, na kwamba ndiyo sababu waonjaji wa Mombasa hufanya kazi yao kwa Kiingereza. Hilo silikubali. Kila mtoto aliyewahi kuuma ndizi mbichi analijua neno ukakasi, nalo ndilo hasa linalotajwa waonjaji wanaposema kwamba chai inaubana ulimi. Tunao ukali na tunao uchungu, na mzungumzaji wa Kiswahili havichanganyi. Tunao uzito, tunayo harufu, manukato, rangi ya shaba, rangi iliyofifia, chai iliyochujuka, chai iliyolala. Mkikusanya maneno haya mkayapanga, mkayaongezea yale ya Ekegusii ambayo wachumaji huyatumia shambani kuyataja majani yaliyokomaa mno au yaliyopigwa na mvua ya mawe, mtakuwa na kamusi ndogo ambayo haipo kwenye rafu yoyote.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na profesa peke yake akiwa ofisini. Inawafaa walimu na wanafunzi walio kwenye vilima vyenyewe, nami nawaomba waianze. Katika mfumo wa 8-4-4 tuliwafundisha watoto wetu ngano ya Kanada, kahawa ya Brazili, ng'ombe wa maziwa wa Denmark na mizabibu ya nchi za Mediterania. Ni elimu njema, na siombi ifutwe. Naomba mwalimu wa jiografia aweke chombo cha kupimia mvua kwenye ua wa shule, na darasa liandike kila asubuhi kipimo kilichopatikana, mwaka hadi mwaka, ili siku moja tusibishane kwa hisia kama mvua imebadilika. Naomba mwalimu wa Kiswahili, anapotoa insha ya majira, amkataze mwanafunzi wa Nyamira kuazima kiangazi cha Mombasa, amlazimishe aeleze alichokiona mwenyewe: ukungu wa Julai juu ya chai, radi ya saa tisa alasiri kutoka upande wa ziwa, harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani. Na naomba mwanafunzi amwulize nyanya yake jina la kila aina ya mvua anayoijua, aliandike kabla halijapotea.

Haya yanaweza kuonekana kuwa mambo madogo mbele ya mkulima anayesubiri bonasi. Lakini miaka michache iliyopita tulikuwa na funzo la kutosha juu ya zao jingine lililoipenda hewa hii. Pareto hutaka ubaridi ili itoe maua, na vilima vya Kisii viliupatia. Kwa miongo kadhaa Kenya iliuza pareto kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hewa haikubadilika kwa ghafla. Malipo yalichelewa, wakulima wakakata tamaa, wakaing'oa. Leo mtoto wa shule akiulizwa pareto ni nini, hutafuta kitabuni. Hewa njema haikuilinda, wala haitailinda chai.

Mvua itaendelea kunyesha juu ya Manga alasiri, Mungu akipenda. Hiyo si kazi yetu. Kazi yetu ni kujua inaponyesha inazalisha nini, kulitaja jambo hilo kwa lugha yetu, na kumfanya anayelinunua alitaje kwa jina lile lile.